Paka wa maonyesho: nenda ukatazame kabla hujanunua

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, kwa sasa naishi Leicester na mume wangu na watoto watatu, fleti ya ghorofa ya tatu. Jirani yetu alimpeleka paka wake kwenye maonyesho akarudi na utepe mkubwa, na tangu siku hiyo watoto hawanipi amani: na sisi tuwe na paka wa mashindano. Mtandaoni nimeona mtoto wa Scottish Fold, masikio yamekunjwa, mzuri mno, na bei yake si mbaya. Mwanangu mkubwa anataka Bengal. Mume wangu hupiga chafya akikaa karibu na paka. Halafu mama yangu huko Lamu ana paka aliyezaa, na nimesikia kuna mbegu ya paka wa pwani yetu, Sokoke, inayotambuliwa Ulaya. Je, naweza kumleta mmoja nikamwingiza kwa jina hilo? Kazi yangu ni ya zamu, usiku mara nyingi. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umeuliza mengi kwa mpigo, na mawili yana jibu fupi, kwa hiyo nayatanguliza. Huyo mtoto wa Scottish Fold mwache. Na paka wa mama yako hawezi kuingia kwa jina la Sokoke, hata kama mabaka yake ni yale yale. Sababu zake nitakupa huko mbele. Yaliyobaki yanataka maelezo, maana naona unataka kununua paka kwanza, halafu ndipo ujue maonyesho ni kitu gani. Mimi nakwambia ugeuze. Nenda kwenye maonyesho mikono mitupu mara mbili tatu, ndipo ufungue mkoba. Paka atakaa nawe miaka 12, 15, wengine hufika 20. Katika muda huo wote, siku atakazokaa ndani ya tundu la maonyesho ni chache sana.

Haya tuyatazame maonyesho yenyewe. Kwa sura tunayoijua yalianzia hapa Uingereza: tarehe 13 Julai 1871 mchoraji Harrison Weir aliandaa maonyesho Crystal Palace, London, na paka wa Siam walioletwa siku hiyo walimtisha mwandishi mmoja hata akawafananisha na jinamizi. Leo watu wanatoa mamia ya pauni kulinunua jinamizi hilo. Chama kikubwa cha paka hapa ni GCCF, kilichoundwa mwaka 1910. Kuna pia TICA, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1979 na yenye klabu zake hapa, na FIFe, shirikisho la Ulaya lililoanza mwaka 1949. Kila kimoja kina kanuni zake na daftari lake la usajili, kwa hiyo jambo la kwanza kumuuliza jirani yako ni kwamba utepe ule aliupata chini ya chama gani.

Tofauti utakayoiona kwa macho ni namna ya kuhukumu. Kwa TICA paka huitwa kwa namba, mwenyewe anampeleka mbele, jaji anamweka mezani hadharani na mara nyingi anawaeleza watazamaji anachokiona. Paka mmoja anaweza kupita kwa majaji kadhaa siku hiyo hiyo. Ni mtindo mchangamfu, una kelele, na kwa mgeni ni darasa zuri. Maonyesho ya GCCF ya mtindo wa zamani yana staha zaidi: matundu yamepangwa safu kwa safu, na ndani ya kila tundu kila kitu ni cheupe, blanketi jeupe, bakuli la maji jeupe, treya ya choo nyeupe. Hakuna jina, hakuna kidoli, hakuna utepe wa mwaka jana. Jaji hatakiwi kujua huyu ni paka wa nani. Ikifika kama saa nne asubuhi wenye paka wanaombwa watoke kwenye safu, na majaji wanaanza kupita.

Mimi kwa miaka mingi nimekuwa upande wa wasaidizi wa majaji, basi nikuoneshe kwa karibu. Msaidizi anasukuma kijimeza chenye magurudumu hadi mbele ya tundu, anakipulizia dawa, anakifuta. Anafungua mlango, anampa paka vidole anuse, kisha anamtoa: kiganja kimoja chini ya kifua, kingine kimebeba makalio, ili miguu ya nyuma isining'inie. Jaji humtazama kwanza akiwa amesimama. Anamshika kichwa kwa viganja viwili kupima umbo lake, anainua kidevu, anafunua midomo aone meno ya juu na ya chini yanakutanaje, anamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha aone rangi halisi ya macho. Halafu mkia. Anaushika pale unapoanzia na kuuteremsha kati ya vidole, pingili kwa pingili, mpaka ncha. Kwa paka wa mbegu, kifundo kidogo tu ambacho jicho halikioni kinatosha kumnyima cheti. Dakika chache zimepita, paka karudi tunduni, mikono inatiwa dawa kabla ya kumgusa wa pili, na jaji anaandika.

Anachoandika hakitoki kichwani mwake. Kila mbegu ina maandishi rasmi yanayoeleza paka wa mbegu hiyo anatakiwa aweje, na pointi 100 zimegawanywa: kichwa kiasi hiki, macho, mwili, manyoya, rangi. Kwa hiyo swali la jaji si kwamba huyu mzuri kuliko yule. Anauliza huyu amekaribia maandishi yake kiasi gani. Ndiyo maana utaona paka ambaye ukumbi mzima unamshangilia anakosa, na mwingine ambaye hukumtazama mara mbili anapewa cheti. Tena jaji ana haki ya kuzuia cheti kabisa hata kama paka yuko peke yake katika kundi. GCCF ikikupa vyeti 3 kutoka kwa majaji 3 tofauti, paka wako anakuwa Champion, na kama amehasiwa au amefungwa kizazi anakuwa Premier.

Hapo kwenye kuhasiwa watu wengi wa kwetu hushangaa. Wanadhani paka wa mashindano lazima awe dume kamili la kuzalisha. La. Waliohasiwa wana makundi yao na vyeti vyao, na kwa familia yenye fleti ndiyo njia pekee ya akili. Dume asiyehasiwa hupiga mkojo ukutani kuweka alama, na harufu yake haitoki kwenye zulia la mwenye nyumba kwa sabuni yoyote ninayoijua. Jike asiyefungwa kizazi akishikwa na joto analia usiku kucha, halafu majirani wa ghorofa ya pili wanapanda kubisha hodi.

Na kuna jambo la pili ambalo huenda jirani hakukwambia. Karibu kila maonyesho yana kundi la paka wa nyumbani, wasio na mbegu wala karatasi za nasaba. Hawa hawapimwi kwa maandishi, kwa sababu hayapo. Jaji anatazama afya, usafi, manyoya yanayong'aa, macho maangavu, na tabia: anakubali kushikwa? Anatulia? GCCF inataka awe amehasiwa akishafika umri wa ukubwa, na asiwe ameng'olewa kucha, kitendo ambacho hapa ni kosa kisheria vilevile. Makundi madogo ya humo yanafurahisha kuliko yote ukumbini: mwenye macho mazuri, mwenye ndevu za kupendeza, hata paka ambaye jaji angependa kuondoka naye. Na vyeo vipo. Paka wa kuokotwa jalalani anaweza kuandikwa Master Cat mbele ya jina lake. Kama haja ya watoto ni utepe na siku ya kujivunia, mlango huu uko wazi na bei yake ni ya makazi ya paka waliotelekezwa, si ya mfugaji.

Sasa ile ziara ya mikono mitupu. Tafuta kalenda ya GCCF au TICA kwenye tovuti zao, chagua maonyesho yaliyo karibu, lipa kiingilio mlangoni. Maonyesho makubwa kuliko yote ya GCCF, yaitwayo Supreme, kwa miaka mingi yalifanyika Birmingham, si mbali na kwenu; tazama kwenye kalenda ya sasa yako wapi, na pale utaona mbegu nyingi kwa siku moja. Usiingize kidole tunduni, wala watoto wasimpapase paka bila ruhusa, maana ugonjwa husafiri kwa mikono. Subiri mwenye paka amalize kuchana manyoya ndipo umsalimie. Atamsifu paka wake, mwache amalize. Kisha muulize hivi: kero yake ni ipi? Anakuamsha saa ngapi? Unamchana mara ngapi kwa wiki, na usipomchana inakuwaje? Mfugaji mwaminifu atakujibu kwa kirefu kuliko alivyosifu. Anayesema mbegu yake haina kero yoyote, mshukuru, uende tundu la pili.

Nenda na mumeo. Ukumbi wenye paka mia na zaidi utamjulisha hali yake katika saa moja kuliko jibu langu. Kinachompigisha chafya si unywele wenyewe. Ni protini iitwayo Fel d 1, inayotoka kwenye mate ya paka na tezi za ngozi yake. Paka anajilamba, mate yanakauka, chembe zake zinaruka na vumbi la nyumba. Ndiyo maana Sphynx asiye na manyoya anayo vilevile, na ndiyo maana tangazo lolote linalokuahidi mbegu isiyoleta mzio kabisa ni la kukufungua mkoba. Paka mmoja hutofautiana na mwingine kwa kiasi, hata ndani ya mbegu moja, kwa hiyo mumeo akae na paka yule yule mnayemtaka, nyumbani kwa mfugaji, zaidi ya mara moja. Kama kifua kinambana na si chafya tu, aonane na daktari kabla ya jambo jingine lolote.

Tuje kwenye mbegu. Nimekwambia Scottish Fold mwache, na sababu iko kwenye masikio yale yale yaliyokuvutia. Yamekunjika kwa kuwa gegedu yake ina kasoro ya kuzaliwa, na kasoro hiyo haikomei masikioni, iko kwenye gegedu za mwili mzima. Inashika vifundo vya miguu, mkia, wakati mwingine mgongo. Paka angali kijana anaanza kutembea kwa kujikaza, anaacha kuruka, anakasirika akiguswa mkia, na watu wanasema ana tabia ya upole. Ni maumivu. Mbegu nzima ilitokana na paka jike mmoja aliyeonekana Scotland mwaka 1961, na katika nchi hiyo hiyo alikotoka GCCF haimwandikishi. FIFe nayo haimtambui. Mashirika ya Marekani yanamkubali, ndiyo maana bado utaona anauzwa na vyeti vya kupendeza, lakini kwa mahali unapoishi ungekuwa umelipia paka mgonjwa ambaye milango mingi ya maonyesho imefungwa kwake.

Bengal wa kijana wako ni paka mzima wa afya, tatizo ni nyumba yenu. Mbegu hii ilitokana na kumchanganya paka wa nyumbani na paka-chui wa Asia, mnyama mdogo wa mwituni, na hata baada ya vizazi vingi nguvu zile hazijaisha. Anapanda mapazia, anafungua makabati, anacheza na maji ya bomba, na akichoka kukaa bila kazi anaanza kupiga kelele. Wewe unatoka zamu asubuhi unataka ulale. Sioni mtakavyoelewana. Siam naye ni mwenye maneno mengi na hapendi kuachwa peke yake, na Burmese hali kadhalika.

Paka wa Kiajemi nisingempa mtu anayefanya kazi za zamu. Manyoya yake yanataka kitana kila siku; ukiruka siku chache yanashikana mabonge makwapani na tumboni, na mabonge yakikomaa huondolewa kwa mashine kwa daktari. Na wale wenye uso uliobonyea sana hutokwa machozi mchana kutwa, pua finyu, pumzi ya kukoroma. Wapo wafugaji wanaorudisha pua nje kidogo, hao nawaheshimu. Ukimtaka lazima uombe majibu ya kipimo cha ugonjwa wa figo unaoleta vivimbe vya maji, PKD, ambao ulienea sana kwa mbegu hii na sasa hupimwa kwa vinasaba.

Maine Coon ni jitu jema. Dume hufika kilo 8 na kupita, na hukua taratibu hadi miaka 3 au 4, kwa hiyo kibebeo ulichonunua mwaka wa kwanza utakitupa. Ana tabia nzuri na watoto. Ugonjwa wake wa kuuliza ni wa moyo, ule wa misuli ya moyo kunenepa. Kipimo cha vinasaba kwa mbegu hii kipo tangu mwaka 2005, ila majibu safi hayamalizi mambo, wafugaji makini huwapima wazazi moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti pia. Ragdoll ana kipimo chake cha aina hiyo hiyo.

Kama ungenibana nitaje mmoja kwa nyumba yako, ningetaja British Shorthair aliyehasiwa. Mnene, mtulivu, manyoya mafupi mazito ambayo kitana mara moja au mbili kwa wiki kinatosha, na anastahimili saa za upweke kuliko wengi. Waambie watoto mapema kwamba huyu hapendi kubebwa. Atakaa pembeni yako kwenye kochi, ubavu kwa ubavu, lakini mapajani ni kwa hiari yake.

Sasa Sokoke, na hapa utanivumilia maana ni habari ninayoipenda. Mwaka 1978 Jeni Slater, mkazi wa upande wa Watamu, alikuta paka na watoto wake kwenye shamba la minazi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi. Wagiriama wa pale walikuwa wakiwajua paka wale siku zote na kuwaita khadzonzo. Akawalea, wakazaa, na katika miaka ya 1980 rafiki yake Gloria Moeldrup akawapeleka baadhi Denmark. Huko wakaoneshwa, wakaandikwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 FIFe ikawatambua kuwa mbegu kamili. Miaka ya 2000 wakapelekwa wengine kutoka pwani ile ile, kwa sababu damu ya wale wa kwanza ilikuwa imekaribiana mno.

Ni paka mwembamba, miguu mirefu, ya nyuma imezidi ya mbele, kwa hiyo hutembea amechuchumia kidogo. Manyoya mafupi yaliyolala juu ya ngozi, macho ya kaharabu hadi kijani hafifu. Rangi inayokubaliwa ni moja tu: kahawia yenye mabaka makubwa yaliyojizungusha ubavuni, na ndani ya mabaka kuna unywele wenye vikanda vya rangi, hivyo kwa mbali hutofautishi paka na gome la mti. Kwenye karatasi za FIFe ataandikwa kwa msimbo SOK n 22. Anapanda, anasema, anamfuata mtu wake chumba kwa chumba. Baridi haimfai sana. Ni wachache mno duniani, na ukimtaka wa karatasi utaandikisha jina kwa mfugaji na kusubiri, pengine kumfuata hadi nchi za Skandinavia.

Na paka wa mama? Huenda ni ndugu wa damu wa hao, wala sishangai, paka wa pwani ile wametembea na majahazi karne nyingi. Lakini mbegu katika maonyesho haiangaliwi kwa sura. Inaangaliwa kwa nasaba iliyoandikwa, baba nani, babu nani, namba gani ya usajili, na nyinyi watu wa Lamu hamhitaji kufundishwa habari za nasaba. Paka asiye na karatasi akiandikwa Sokoke ni udanganyifu na mtafutwa jina. Njia ya kuingiza damu mpya kwenye mbegu ipo, ila ni kazi ya klabu na wafugaji wenye mpango wa miaka.

Ukitaka kumleta kwa mapenzi tu, inawezekana, kwa subira. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Uingereza inazirahisishia wanyama. Kwanza anawekwa chipu. Baada ya chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa, na asiwe chini ya wiki 12. Zipite siku 30, atolewe damu ipelekwe maabara iliyoidhinishwa kuona kama chanjo imeshika. Kisha ihesabiwe miezi 3 tangu siku ya kutoa damu, ndipo asafiri na cheti cha afya, kwa njia iliyoidhinishwa. Kwa ndege huingia kama mzigo ulioandikishwa, si chini ya kiti chako. Piga hesabu: hawezi kutua hapa kabla hajafika umri wa karibu miezi 7. Ukichanganya utaratibu huo, kwa mfano chanjo ikitangulia chipu, unaanza upya au anawekwa karantini. Gharama yake yote inaweza kupita bei ya paka wa mbegu. Lakini akifika salama, mhasi, mwingize kundi la paka wa nyumbani, na hakuna wa kumuuliza nasaba. Miguu ile mirefu na masikio makubwa ya Lamu huwageuza shingo majaji.

Ukiamua kununua kwa mfugaji, haya usiyaruke. Umwone mtoto wa paka pamoja na mama yake, mahali walipozaliwa. England sheria tangu Aprili 2020 inazuia madalali kuuza watoto wa paka walio chini ya miezi 6, kwa hiyo anayetaka mkutane kwenye maegesho ya gari mkimbie. Kanuni za GCCF hazimruhusu mtoto wa paka kuondoka kabla ya wiki 13, akiwa na chanjo zake. Omba karatasi ya nasaba, majibu ya vipimo vya wazazi wote wawili, na fomu ya kuhamisha umiliki, kwa maana bila jina lako kuingia kwenye daftari la chama huwezi kumshindanisha. Atakapokwambia paka ameandikwa kwenye daftari la wasiozalisha, usidhani umepunjwa. Maana yake watoto wake hawatasajiliwa, kushindana anashindana. Na mwambie wazi tangu siku ya kwanza kwamba unataka kumwonesha, kwa sababu katika uzao mmoja si wote wanaofaa, na yeye ndiye anayejua yupi ana mkia wenye kifundo.

Kuna njia moja ambayo wapya hawaiulizi, na mimi huwaelekeza huko kila mara. Wafugaji hustaafisha majike yao mapema, wakiwa na miaka minne au mitano, wanawafunga kizazi na kuwatafutia nyumba tulivu. Jike kama huyo umbo lake limeshajulikana, tabia yake imeshajulikana, mara nyingi ameshakaa tunduni na kushikwa na majaji kadhaa. Bei huwa chini sana ya mtoto. Kwa mwanamke wa zamu mwenye watoto watatu, ni bora mmoja wa hawa kuliko mtoto wa paka anayekesha akikimbia juu ya vichwa vyenu.

Maandalizi siyo ya wiki moja. Kibebeo kikae wazi sebuleni siku zote, na chakula ndani, asikihusishe na daktari peke yake. Kila siku mmoja wenu amsimamishe mezani, amfungue mdomo, amshike mkia, amtazame masikio, halafu ampe kitafunwa. Wageni wakija wamshike pia. Paka anayewajua nyinyi tu ataogopa mkono wa jaji, na akiuma anarudishwa tunduni bila kuhukumiwa. Aogeshwe siku chache kabla ya maonyesho ili mafuta ya manyoya yarudi. Kama ni wa rangi nyepesi na mmetumia poda kumsafisha, itoke yote kwa brashi. Poda ikionekana kwenye vidole vya jaji mmekwisha. Kucha zikatwe ncha.

Fomu hufungwa wiki kadhaa kabla, kwa hiyo usisubiri. GCCF humkubali mtoto wa paka kuanzia wiki 14, na akifika miezi 9 anahesabiwa mkubwa. Maonyesho mengi ni Jumamosi na mlango hufunguliwa alfajiri, kwa hiyo Ijumaa usiku usichukue zamu. Palipo na ukaguzi mlangoni, daktari wa wanyama anatazama kitabu cha chanjo, macho, masikio, kinywa, anafunua manyoya kutafuta viroboto. Akikuta kiroboto kimoja au alama ya choa, paka wote wa nyumba yenu wanarudishwa, hata yule msafi. Ukipita hapo, futa tundu kwa dawa uliyokuja nayo, tandika vyeupe vyako, mpe maji, ondoa bakuli la chakula kabla majaji hawajaanza, utoke ukanywe chai. Huwezi kuondoka na paka kabla ya saa iliyopangwa jioni, basi wabebee watoto vitabu.

Matokeo hubandikwa ubaoni kadiri yanavyotoka. Watoto wakikuta namba yao haimo, wasilie pale mbele ya ubao. Ngojeni jaji amalize makundi yake yote, halafu wewe na yule mkubwa mmfuate kwa adabu, mtaje namba ya tundu, mmwombe awaambie nini kilipungua. Wengi hujibu, na wengine watakurudisha hadi tunduni wakuoneshe kwa kidole.